Kona ya Ndani

Môtiers, 11 Oktoba 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za tangu Jumapili, na habari za goti? Mimi mzima, nalala vizuri, nakula vizuri, na Bi Grandjean aliyenipangisha chumba ameshaniuliza mara kadhaa kama nina mchumba. Simu yake iko ukumbini, na kila inapolia yeye hutoka jikoni akiwa na kitambaa mkononi, anafuta meza ambayo haina vumbi. Ndiyo maana nakuandikia. Mambo yetu tuyaweke kwenye bahasha.

Mama, nimeiona karakana ya Bwana Perrinjaquet. Ni nyumba ya kawaida tu nyuma ya kanisa, chini paliwahi kuwa zizi, juu ndiko kwenye madirisha. Meza tatu: yake, moja tupu, na ya mzee anayeunganisha saa, ambaye ni kiziwi au anajifanya. Hakuna kelele. Hakuna zile mashine za kiwandani kwetu zinazokutikisa mpaka meno. Aliniambia nije kwanza pamoja na wageni, habari ya kazi tutaizungumza wakishaondoka, basi nikaingia na Wajapani wawili na mume na mke wa Geneva.

Akatuwekea kiganjani daraja, kile kipande cha chuma kinachoyashika magurudumu, akawaeleza wageni polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akasema ukingo wake wote umekatwa mshazari kwa tupa, kisha ukasuguliwa kwa bua kavu la jentiana, ule mmea wa malishoni kwetu, mpaka ukawa kioo. Mashine nayo inaweza kupita ukingoni, akasema, lakini ikifika kwenye kona iliyoingia ndani inazunguka tu, inaacha duara, kwa sababu haijui kusimama. Ni mkono peke yake unaojua kuingia konani ukatoka na kuacha ncha kali. Nikaweka lenzi jichoni. Kona zilikuwa tatu. Mama, nilitaka kulia mbele ya Wajapani. Na vichwa vya skrubu, ukivigeuza huku ni vyeusi ti, ukivigeuza kule vinameta kama theluji.

Wageni walipokwenda akaitazama mikono yangu, akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni mama yangu, kwenye meza ya jikoni, Le Lieu. Akanipa kazi ya majaribio. Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: nikibaki, jina langu litakuwa kwenye saa.

Kiwandani wananishikia nafasi mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo unajua wenyewe walivyo, aliyevuka mlima asirudi kubisha hodi.

Jambo moja limetuchekesha. Kuna mlango wa nyuma umefungwa kwa ufunguo. Mjapani mmoja aliuliza kuna nini, Bwana Perrinjaquet akagusa pua yake kwa kidole, akakonyeza. Yule mume wa Geneva akacheka sana. Basi kila mtu akaelewa kwamba humo anapika Buluu, ile pombe yao kali ya absinthi iliyopigwa marufuku tangu bibi zetu wakiwa wasichana na ambayo huku haikosekani nyumba.

Niambie unaonaje.

Binti yako


Le Lieu, 16 Oktoba 1998

Mwanangu Noémie,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Kuku wazima, jirani mzima kwa bahati mbaya, na barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama mama, ya pili kama fundi. Mama amefurahi. Fundi ana maswali.

Tangu lini karakana ikatembelewa kama bustani ya wanyama? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimekaa dirishani maisha yangu yote na mgeni pekee aliyenitazama nikifanya kazi ni paka wa bawabu. Unasema umeziona kona. Umeziona zikifanywa? Kuonyeshwa mkate si kuonyeshwa tanuri, mwanangu.

Halafu hilo bua la jentiana. Wewe unajua, tumekwenda wote malishoni kuyakata yakishakauka. Bua linalofanya kazi linaliwa. Unakata ncha, unachonga upya, linakwisha, unachukua jingine. Litazame lile la mezani pake. Kama kila wakija wageni lina urefu ule ule, basi hicho si kifaa, ni pambo.

Na mlango. Eti Buluu, na nyote mkacheka. Watu wa bonde hilo wameificha Buluu wasiione polisi miaka karibu tisini, sasa mashine moja ya kukata kingo ndiyo itawashinda kuificha? Sisi huku madirisha yetu hayana hata pazia. Mtu akifunga mlango mchana kweupe, Le Lieu nzima inajua ama anaoga ama anaiba.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Jina kwenye saa. Sehemu gani ya saa? Usoni watu wasome, au chini ya daraja ambako hata Mungu lazima kwanza aondoe skrubu? Mimi nimefanya kona za saa zilizovaliwa na watu nisiowajua, na bwana aliyepewa medali kwa kona hizo hakujua hata nakaa kiti gani. Siku ya medali sisi wa dirishani tuliletewa keki. Niliila keki ile, Noémie, na mpaka leo nikiikumbuka inanikwama. Sikukufundisha tupa ili nawe ulishwe keki. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu, na hilo silisemi tena, usije ukavimba kichwa. Nataka usomwe kwa jina lako. Sitaki kingine.

Usitie saini kitu. Fumbua macho.

Mama yako


Môtiers, 2 Novemba 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole na goti. Mimi sijambo, mafua kidogo tu. Jibini imefika na gome lake la msonobari, Bi Grandjean alikinusa kifurushi kizima kabla ya kunipa.

Mama, wewe hata mchungaji akisema Amina utauliza ana maana gani. Barua yako niliicheka. Halafu ikanikaa kichwani, nimeshindwa kuitoa, na ndio ubaya wako huo.

Nimelitazama bua. Halipungui.

Nikwambie na jingine. Wageni wakija ananiweka mimi kwenye ile meza tupu ya dirishani nisugue daraja. Ni daraja lile lile siku zote. Nililimaliza zamani, sasa nasugua kilichokwisha, na wageni wanapiga picha. Wakishaondoka ndipo napewa kazi ya kweli, kingo za nje, zile zilizonyooka. Kona za ndani ameniambia niziache. Jioni anavikusanya vipande kwenye kisahani, anaingia navyo mlango wa nyuma, anafunga. Asubuhi kona zimekwisha, na ni nzuri mno. Sijamwona ameshika tupa hata mara moja. Anaongea, Mama. Anaongea vizuri mpaka unasahau ulichotaka kumuuliza.

Nilijaribu kumdodosa Bi Grandjean. Akaniambia kila nyumba huku ina mlango wake, na msichana mwenye adabu haulizi. Si yeye tu. Duka la mkate wanakonyeza, posta wanakonyeza. Wote wanaamini ni Buluu, na kwa kuwa wote wana Buluu, hakuna anayetaka kusogea karibu na mlango wa mwenzake. Nimesogea mimi. Nimetega sikio pale, sijasikia mlio wa mashine wala sijanusa pombe. Mashine haiwezi kona hizi, hilo nakuapia. Lakini kuna kitu anakificha, na siku hizi akinisifu natazama mikono yake badala ya uso wake. Huiweka mfukoni, yote miwili.

Nimekuwa mtu wa kuvizia, Mama, na sijipendi.

Binti yako


Le Lieu, 8 Novemba 1998

Noémie,

Marahaba mwanangu. Kunywa chai ya majani niliyokufungia, mafua ya Novemba si ya kuchezea. Mimi nipo.

Kwa hiyo si mashine. Sawa, nimekosea. Basi kuna mtu humo ndani. Hilo ni baya zaidi, maana mashine haina jina la kuibiwa. Amemweka mtu, pengine mama mzee kama mimi, mwenye mkono wa dhahabu na mdomo uliofungwa, anamletea kisahani jioni na kukichukua asubuhi. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyo Bwana wako anavuma mbele ya Wajapani kwa kazi ya mwingine. Mikono mfukoni, umesema. Ningekuwa yeye na mimi ningeificha.

Sasa jiulize kwa nini amekutafuta wewe. Dirishani anaweza kukaa msichana yeyote mwenye nywele safi. Aliuliza nani alikufundisha, si ndiyo? Huyo aliyemo ndani amechoka, au anakufa, na kiti chake ndicho unachochongewa. Utaingia mlango ule na jina lako litabaki nje.

Rudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Kiwanda kina ubaya wake wote, lakini hakina mlango wa nyuma.

Mama yako


Môtiers, 20 Desemba 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mafua yamekwisha. Natumaini na wewe u mzima na kuni zimetosha.

Bwana Perrinjaquet amenifungulia mlango. Hakuna mashine, hakuna Buluu, hakuna mama mzee. Kilichomo si changu kukisema, na nimempa neno langu. Najua utakavyoipokea sentensi hii, lakini sina nyingine.

Nimetia saini. Kiwandani nimewaandikia wampe mtu mwingine nafasi yangu.

Krismasi sitaweza kuja, kazi ni nyingi. Nakutakia sikukuu njema, na usinikasirikie.

Binti yako


Le Lieu, 10 Januari 1999

Noémie,

Heri ya mwaka mpya. Goti linauma, theluji imefika dirishani, na sikukuu nimekula na jirani. Unaona nilivyofikishwa.

Barua yako ya Desemba nimeinusa kama Bi Grandjean alivyoinusa jibini. Zamani ulikuwa ukiniandikia kurasa mbele na nyuma, mpaka rangi ya skrubu ulinieleza. Sasa napata maneno ya kuhesabika na sikukuu njema. Sasa na wewe una mlango.

Sikuulizi siri ya mtu. Nakuuliza kitu kimoja tu, na wewe ni mtoto wangu, utanijibu: unafanya kazi gani humo, na kwa jina la nani?

Mama yako


Le Lieu, 14 Februari 1999

Noémie,

Sijui kama u mzima, kwa hiyo naanza kwa kuuliza. U mzima? Mimi sijambo, isipokuwa jino, na jino ndilo lililonipa jibu ambalo wewe umeninyima.

Nilikuwa kwa daktari wa meno Le Sentier, nikingoja zamu, nikachukua moja ya yale magazeti ya karatasi za kung'aa. Ukurasa mzima ni saa mpya ya Bwana wako. Picha imekuzwa mpaka daraja lina ukubwa wa sahani ya supu. Nikatoa lenzi yangu mkobani. Ndiyo, natembea nayo, wengine hutembea na Biblia.

Mimi na wewe ni mashoto. Nilikufundisha kuingia konani kwa upande ambao watu wote wanatokea, sikuwa na njia nyingine ya kukufundisha. Ndiyo maana ncha za kona zetu huegemea kidogo, kama mtu anayetega sikio. Bonde lote hili hakuna mwingine, waliokuwapo wamekufa. Zile kona za gazetini zinaegemea. Nilikaa na gazeti magotini mpaka wakaniita mara mbili. Ni zako, Noémie. Na ni nzuri, Mungu wangu, ni nzuri mno, mimi sikuwahi kuzifikia.

Chini ya picha wameandika hivi: kila kona imefanywa na Alcide Perrinjaquet peke yake, kwa mkono wake.

Daktari alidhani nalia kwa sababu ya jino.

Niambie nimekosea. Niambie mimi ni bibi mbishi na macho yangu yamekwisha. Nitaamini ukiniambia.

Mama yako


Môtiers, 21 Februari 1999

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na jino.

Hujakosea. Ni zangu. Yale maneno ya gazetini aliyaandika mtu wa gazeti, na Bwana Perrinjaquet hakumrekebisha. Nilikasirika, nikamwambia. Akaniambia nimvumilie mpaka maonyesho ya Basel, pale mbele ya watu wote wa kazi hii atasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Ameahidi.

Najua unachosema sasa hivi jikoni peke yako. Lakini wewe hujaona nilichokiona mimi. Niamini mara hii moja. Usije, usimwandikie, usimwambie mtu. Ikifika Basel utaona.

Binti yako


Le Lieu, 17 Machi 1999

Mwanangu,

Sijui nikusalimieje baada ya jana. Nimefika salama, treni zilikuwa na joto. Nakuandikia kabla ya kula.

Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, kwa hiyo hukuona ilivyoanza, na sitaki uisikie kwa Bi Grandjean.

Nilijiandikisha kwa jina la kwetu kabla sijaolewa, Bi Rochat wa Lausanne. Nikavaa koti la mazishi na hereni za wifi. Tulikuwa wageni watano, na mmoja ni Mjerumani mwenye kamera. Bwana wako akatupokea kwa maneno yale yale uliyoniandikia Oktoba, neno kwa neno, tupa, jentiana, mashine haijui kusimama. Nilikuwa nayajua mbele yake kama zaburi. Meza ya dirishani ilikuwa tupu. Nikatazama kule nyuma, nikauona mlango, nikajua mwanangu yuko humo na hapa mbele anasifiwa mtu mwingine. Nilikuwa nimejiapiza nitatazama tu nirudi.

Akatupitishia daraja. Nikatoa lenzi yangu, wale wengine wakanitazama upya. Zilikuwa zako. Nikamrudishia, nikamwambia, "Bwana, nimetoka mbali na miguu yangu ni mibovu. Nikatie kona moja tu nione."

Akacheka. Akasema mwanga umekwisha. Nikamwambia mwanga upo, mimi nimefanya kazi kwa mwanga mbaya kuliko huu. Akasema kona moja ni kazi ya siku nzima. Nikamwambia basi aanze, atuonyeshe tupa inavyoingia. Yule Mjerumani akachangamka, akasema na yeye angependa sana, wengine wakasogea. Bwana wako alinitazama, na nadhani hapo alinijua, maana aliitazama mikono yangu, si uso. Angeweza kutufukuza. Akakaa. Akatoa mikono mfukoni.

Mkono ulioshika tupa ukaanza. Ulitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akaushika kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka. Tupa ikagonga meza, tik tik tik, mzee yule kiziwi akainua kichwa, kumbe anasikia. Halafu kamera ikapiga.

Akaiweka tupa chini. Akachukua ufunguo, akaenda mlangoni, akafungua wazi kabisa, na haya ndiyo aliyoyasema, uyajue yalivyotoka: "Kona hizi si zangu. Mkono wangu umekufa. Anayezifanya ni huyu hapa, anaitwa Noémie Lugrin."

Ukainua kichwa. Hukuwatazama wageni. Ulinitazama mimi, na sura ile sijawahi kukufunza wala sikujua unayo. Nikatoka, nikaenda stesheni.

Sikujua, Noémie. Nakuapia kwa baba yako kaburini. Nilikwenda kumfumania mwongo, sikwenda kumvua mgonjwa nguo. Usiku huu nikifumba macho nauona mkono ule. Lakini jina lako limesemwa mbele ya watu, kwa sauti, na aliyelisema ni yeye. Na angelisema kweli Basel? Watu huahidi. Mimi niliahidiwa mangapi? Sijutii yote. Najutia kamera.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mama yako


Môtiers, 3 Mei 1999

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepata nafuu, maadamu theluji imekwisha. Mimi mzima.

Umesema nikujibu hata kwa kukutukana. Sikutaka kukutukana, kwa hiyo nimengoja hasira ipungue. Haijapungua sana, lakini kukaa kimya nako nimechoka.

Yule Mjerumani aliipeleka picha gazetini. Haina uso wa Bwana Perrinjaquet, ni mkono tu na tupa, na maelezo yake. Wateja wakaanza kuandika, barua za heshima sana. Walikuwa wameagiza mkono wake, wakasema, na kwa kuwa mkono wake haupo basi wanaomba radhi. Wamebaki wawili. Basel hatukwenda. Maonyesho yamefunguliwa wiki hii na meza yetu wamepewa watu wengine.

Yeye yuko juu chumbani, hashuki. Nampelekea supu. Jana aliniuliza kama mama yangu alifika nyumbani salama siku ile.

Sasa naweza kukwambia, maana mlango umeshaufungua mwenyewe. Desemba aliponiita nyuma ya mlango, nilimkuta amejifunga mkono mezani kwa mkanda wa ngozi ili utulie. Ngozi ilikuwa imemchubua mpaka damu. Ndivyo alivyokuwa akizifanya zile kona zilizotaka kuniliza, peke yake, na aliwaacha watu wamdhanie mpika pombe kuliko wajue. Aliniomba nizifanye mimi mpaka apate moyo wa kusema. Nikamwambia nitangoja. Nilikuwa nangoja, Mama. Hakuna aliyenifungia.

Juzi posta imeleta kifurushi kutoka kwa fundi wa nyuso za saa kule Le Locle. Fundi huyo huchelewa siku zote, oda yenyewe ilitoka hapa Januari. Ni uso wa ile saa ya Basel. Una majina mawili, lake na langu, herufi za ukubwa mmoja, na mtu yeyote anaweza kuyasoma bila kuondoa skrubu. Saa yenyewe haina mnunuzi tena, lakini uso upo, niko nao hapa mezani.

Uliniuliza kama angelisema kweli. Angelisema. Nakwambia ili usiendelee kujiuliza.

Nitabaki hapa. Kuna vipande vya kumaliza, na mlango sasa uko wazi. Usije, Mama, na usimwandikie. Ikifika siku ya kukuita, nitakuita mwenyewe.

Ulitaka jina langu lisomwe. Nimekuandikia hapa chini, na wewe ulisome.

Noémie Lugrin